Bustani Kwenye Nyasi za Ndama

Kijana wa kwanza aliyekuja kuniuliza mambo ya kilimo alikuja na viatu vyeupe. Nilimtazama miguu kabla ya kumtazama uso, nikajua tutaongea sana na kulima kidogo. Alikuwa amekodi robo ekari huko Isinya, simu yake imejaa video za nyanya nyekundu, na alitaka tu nimtajie dawa ya kunyunyizia. Nikamuuliza udongo wake ni wa aina gani. Akanijibu, "Ni wa kawaida tu, shosh." Hakuna udongo wa kawaida, mjukuu wangu. Hilo lishike kwanza, halafu ukavue hivyo viatu.

Tangu wakati huo mmekuja wengi, na kwa kuwa sauti yangu siku hizi huchoka kabla hadithi haijaisha, nimeona afadhali niandike. Nililima mboga Kitengela tangu mji ukiwa stegi moja, bucha mbili na vumbi, mpaka magorofa yakaanza kuniziba jua. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, mimi sikuomba. Sitawaambia kila kitu. Nitawaambia hasa habari za kiangazi, kwa sababu wakati wa mvua hata mvivu ni mkulima.

Tulihamia huko mwanzoni mwa miaka ya tisini, mimi na Baba Njoki, mume wangu, na watoto watatu. Yeye alikuwa fundi katika gereji moja Nairobi, akilala huko wiki nzima na kuja nyumbani Jumamosi. Tulitoka Murang'a, kwenye shamba la baba yake, ambalo wana wanne walikuwa wakigawana pamoja na mikahawa ya mzee. Mkwe wangu alikuwa mtu mwema, Mungu amweke pema, lakini alikuwa na maoni juu ya kila shimo nililochimba. Nikipanda boga, anakuja na fimbo yake kuniuliza kwa nini hapa na si pale. Miaka yote niliyolima kule sijawahi kupanda kitu mahali nilipotaka mimi.

Kwa hivyo tuliposikia kwamba Wamaasai wa Kitengela wamegawanya lile shamba lao la pamoja na wengine wanauza vipande, tulienda mbio. Mwenye kuuza alituonyesha sehemu tatu. Mbili zilikuwa upara mtupu, zimelishwa mpaka chini, hata mbuzi angepita bila kuinama. Ya tatu ilikuwa na nyasi za kufika magotini, nene, zimesimama vizuri katikati ya ule ukame wote. Nilimkanyaga Baba Njoki mguu asije akachekelea, bei ikapanda. Mtu wa Murang'a akiona nyasi kama hizo haulizi maswali. Tukajiambia kwamba hapa ndipo penye rutuba, na hawa wafugaji hata hawajui walicho nacho. Tukachukua hiyo nusu ekari, tukajiona wajanja sana.

Jembe la kwanza lilituonyesha ujanja wetu. Chini ya zile nyasi udongo ulikuwa uleule mweusi wa kila mahali pale. Ukilowa, unakushika gambuti mpaka unarudi nyumbani mrefu kuliko ulivyotoka. Ukikauka, unapasuka nyufa za kumeza mkono. Mwaka ule wa kwanza nilipoteza vifaranga wawili ndani ya nyufa, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimshuku mwewe bure.

Mimi nililima nilivyofunzwa na mama yangu, matuta marefu yaliyoinuka, mazuri ya kutazamwa. Huko kwetu matuta husaidia mvua isikae kwenye mizizi. Kitengela, mizizi inaililia hiyo mvua. Kiangazi kilipoingia, jua lilikausha matuta yangu kutoka juu na kutoka kando, na sukuma wiki zote zikafa zimesimama. Aliyenifungua macho ni Mzee Mutua, Mkamba aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni wa punda. Alisimama kando akitazama nikimwaga maji juu ya tuta, yanateremka yote kwenda njiani. Akaniambia polepole, kwa huruma kabisa, "Mama, wewe unapanda juu ya paa." Siku hiyo alishika jembe langu akanionyesha kwao wanavyofanya. Unachimba kitanda kishuke chini, kingo ndizo ziinuke, mboga ikae ndani ya bonde lake na maji yasipate pa kukimbilia. Wenyewe husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi niliinama miaka yote iliyofuata, na magoti haya ndiyo ushahidi.

Kiangazi cha pili niliua bustani kwa mbolea. Jirani yetu wa karibu alikuwa Mama Sironka, mwanamke wa Kimaasai wa rika langu, mwembamba, mwenye kicheko cha kuchelewa. Unamwambia jambo la kuchekesha, anakutazama, halafu anacheka ukiwa umeshaondoka. Boma lake lilikuwa na samadi ya miaka, imejilundika mpaka mlango wa zizi umekuwa mfupi, na siku hizo hakuna aliyeiuza. Nilipomwomba nichote alinishangaa, nadhani alidhani nina shida ya akili. Basi mimi kwa uroho nikachota ile mbichi ya juu, yenye mvuke, nikaijaza vitandani. Mboga zikaungua mizizi kwa siku chache tu. Mama Sironka alikuja kutazama, akauliza kama Wakikuyu hupika mboga zikiwa bado shambani. Mbolea chimba ile ya chini kabisa, iliyo kavu, inayovunjika mkononi na isiyonuka chochote.

Baada ya bustani ya pili kufa, Baba Njoki alinikalisha chini. Alikuwa amechoka, na sikumlaumu. Alikuwa akila mara moja kwa siku huko gereji ili sisi tule, na bado akija Jumamosi anakuta watoto na ugali na chumvi. Tena kulikuwa na tajiri mmoja kutoka Nairobi aliyetaka kujenga bohari, naye alikuwa amemwuliza mara mbili kama tunauza. "Mama Njoki, tumejaribu," akaniambia. "Kiangazi kijacho, bustani ikifika mvua ikiwa hai, tunakaa. Ikikosa kufika, tunauza, tunarudi kwa baba."

Nikakubali. Ningefanya nini? Lakini nataka mwelewe nilichokuwa nacho mkononi. Nilikuwa naipenda ile nusu ekari kwa wivu, kama mtu anavyopenda kitu alichopewa uzeeni. Pale nilikuwa na boga nililolipanda karibu na mlango kwa sababu nilitaka tu kuliona nikiamka. Kurudi Murang'a kulikuwa ni kurudi kuwa mke wa kijana wa tatu, na kuulizwa kwa nini hapa na si pale.

Basi kiangazi cha tatu nilikilima kwa hofu, na hofu ni mwalimu mzuri akikaa kiasi. Haya ndiyo mambo mliyokuja kutafuta, kwa hivyo someni vizuri. Nilimwagilia alfajiri, kwa kikopo, kwenye shina, si kwenye majani. Maji ya kuoga watoto na ya kuoshea mboga hayakumwagwa hata siku moja. Yale ya sabuni nilitenga, nikawapa mapapai, ambayo hayabagui. Nilifunika udongo kwa magunia makuukuu na majani makavu, ili nyufa zisipate nafasi ya kuanza. Sukuma nilichuma majani ya chini tu nikaacha kichwa, kwa maana sukuma ukiikata kichwa mapema inakununia. Wadudu niliwapiga kwa majivu na maji ya pilipili. Pundamilia wa kutoka mbugani, waliokuwa wakipita pale kama wenye shamba, niliwafukuza kwa sufuria na mwiko, na mara moja kwa kitenge changu nikabaki na shimizi, na Mzee Mutua akageuza punda kwa heshima.

Leo mna mipira ya kudondosha maji tone kwa tone, na nyumba za nailoni, na mbegu za kila jina. Nimeviona na ninavisifu. Mimi binafsi ningelipa mbuzi kwa mpira mmoja wa aina hiyo. Ila msidhani mpira utawatazamia shamba. Lazima mtu apite kila siku kati ya mboga zake, mikono mitupu, bila kazi yoyote, akiangalia tu. Mambo mengi niliyojua niliyaona wakati sikuwa nafanya kitu.

Januari ikapita, Februari ikapita, na bustani ilikuwa hai. Vitanda sita vya sukuma, maharagwe, kitanda cha mahindi machanga, na viazi vitamu vilivyotambaa mpaka vikafunika ukingo wote wa chini. Baba Njoki alikuwa akifika Jumamosi anazunguka kimya kimya, anagusa jani hapa na pale, na mimi najifanya nachagua mchele. Machi ikaingia, tukaanza kutazama mawingu ya upande wa Ngong. Lakini mvua haikuja. Hata zile za mwisho wa mwaka uliotangulia zilikuwa zimenyesha kidogo tu, kwa hivyo nyika ilikuwa imemalizika kabisa. Mume wa Mama Sironka alichukua ng'ombe wote wenye nguvu ya kutembea akawapeleka upande wa Kimana, kutafuta majani ya kandokando ya mabwawa. Akaacha nyumbani ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mwenye madoa, jina lake Sambu, pamoja na ndama wake wa kike, ili watoto wasikose kitu cha kuweka kwenye chai.

Asubuhi moja nilienda kwa Mama Sironka na wilbaro yangu kuchota mbolea kama kawaida. Nikasalimia, "Takwenya," na hakuna aliyenijibu. Nikawakuta zizini. Sambu alikuwa amelala na hawezi kusimama. Mama Sironka ameshika mkia kwa mikono miwili, binti zake wawili wanasukuma ubavuni, na ng'ombe anatazama mbele tu kana kwamba mambo hayo hayamhusu. Niliacha wilbaro nikaenda kwenye pembe. Tulivuta, tukasukuma, tukaanguka, na mwishowe akasimama, miguu inatetemeka. Mama Sironka akaniambia kwamba hiyo ndiyo kazi yao ya kila asubuhi, na kwamba siku atakayolala mara ya pili baada ya kuinuliwa, ndiyo basi. Watoto walikuwa wakinywa chai ya rangi. Maziwa yote yaliyokuwa yamebaki alikuwa akimwachia ndama.

Tulikaa kwenye jiwe tupumue. Sikumbuki nilisema nini, labda nilisema Mungu ataleta mvua, maneno ya kujaza kimya.

"Zamani tulikuwa na nyasi ya ndama," akasema. "Karibu na boma. Ng'ombe kubwa haikubaliwi kukanyaga hapo, hata mvua ikikosa. Hiyo nyasi inangojea siku kama hii, ya ndama na ya mgonjwa."

Nikamuuliza ilikuwa wapi.

"Si ni hapo kwako," akasema.

Alisema bila kunilaumu, kama mtu anayekuonyesha njia. Shemeji yake ndiye aliyetuuzia, na kilikuwa kipande chake kwa karatasi, kwa hivyo hakukuwa na kesi. Lakini mimi nilikaa pale juu ya jiwe uso ukiwaka moto. Kumbe zile nyasi za magotini hazikuwa rutuba. Zilikuwa zimesimama kwa sababu watu walikuwa wamezitunza miaka na miaka, wamezuia ng'ombe zao zenye njaa zisizile, ili pawe na kitu siku mbaya ikifika. Na siku mbaya ilikuwa imefika, ikakuta mimi nimepanda sukuma juu yake.

Nilirudi nyumbani na wilbaro tupu. Siku ile nilimpelekea Sambu majani ya manjano na yaliyotobolewa na wadudu, nikajiambia nimetoa. Alimaliza kabla sijageuka, akanyoosha shingo kunusa mikono yangu. Sasa nisikilizeni. Nilijua hesabu ilivyokaa. Bustani ikibaki, ninabaki, na Sambu na ndama wake wanakufa huku mimi nikiwasikia. Bustani ikiisha, nimevunja makubaliano na mume wangu kwa mikono yangu mwenyewe, na tunarudi Murang'a. Nilizunguka vile vitanda nikigusa jani hapa na pale kama yeye. Nililia, sioni haya kusema. Halafu nikachukua panga.

Nilianza na mashina ya viazi vitamu, kisha mahindi, kisha maharagwe. Mama Sironka aliniona nikija na mzigo wa kwanza, akaacha alichokuwa akifanya, lakini hakusema asante, alisema tusimpe ng'ombe vitu vibichi hivyo. Ng'ombe mwenye njaa akila majani mabichi mengi tumbo hufura na kumwua upesi kuliko njaa. Tulitandaza yote juani juu ya mabati mpaka yakanyauka, tukachanganya na maganda makavu ya mgunga, tukampa kidogo kidogo. Siku ya pili nilileta sukuma. Siku iliyofuata Sambu aliinuka akiwa ameshikwa mkia tu. Kufikia Ijumaa alisimama mwenyewe, na bustani yangu ilikuwa vishina vitupu.

Jumamosi Baba Njoki alifika mchana. Nilimwona kutoka jikoni akisimama kwenye ua na mfuko wake wa unga, hasogei. Nikatoka. Sikuwa nimepanga maneno, nikamweleza kama nilivyowaelezea ninyi, tangu mkia wa ng'ombe mpaka panga, na kwa nini zile nyasi tulizozishangilia zilikuwa pale. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia vitandani, akachuchumaa, akakwangua shina moja la sukuma kwa ukucha. Ndani lilikuwa kijani. Akakwangua lingine.

"Hizi hazijakufa," akasema. "Zimeliwa."

Nilidhani ataendelea, lakini aliosha mikono akaingia ndani. Neno lilikuwa ni bustani ifike mvua, na mvua haikuwepo, na tajiri wa bohari alikuwa ameahidi kupitia kesho yake baada ya kanisa.

Akaja kweli. Alipita kati ya vishina vyangu na suruali yake ya pasi, akapima kwa macho, akamwambia Baba Njoki kwamba kwa kuwa hata mboga zimeisha, haoni sababu ya kuchelewa, na sisi tunaweza kuhama kabla ya mwisho wa mwezi. Baba Njoki alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni karibu na boga langu, najaribu kuzoea.

Hapo ndipo Mama Sironka alipofika, amejifunga shuka safi na amevaa shanga zake za sherehe, anamvuta yule ndama kwa kamba. Hakujua lolote juu ya mauzo. Hakumtazama hata yule mgeni. Alinijia mimi moja kwa moja, akanitia kamba mkononi.

"Hii ni yako. Sambu ni ya nyumba yangu, nilipewa nikiolewa, kwa hivyo hakuna mtu atauliza," akasema. "Bado inanyonya, utakuwa ukiileta kwa mama yake asubuhi na jioni. Na usiniite tena Mama Sironka. Mtu akipewa ndama, yeye na mwenye kumpa wanaitana Paashe. Wewe ni Paashe, na mimi ni Paashe, mpaka tukufe."

Nilijua vizuri kwamba zizini alikuwa amebakiwa na Sambu na huyu ndama tu, na huyu nilikuwa nimemshika mkononi kwa kamba.

Baba Njoki alisogea, akaichukua ile kamba kutoka kwangu. Alimvuta ndama mpaka kwenye nguzo ya ua, akamfunga upande wa ndani, akakaza fundo mara mbili kama afanyavyo gereji. Kisha akamgeukia tajiri.

"Tafuta kwingine, mzee," akamwambia. "Sisi tuko na ng'ombe hapa."

Basi nilipika mboga nilizokuwa nimezikausha siku hiyo, na nikazitia chumvi mara mbili kwa kutojua ninalofanya. Mimi na Paashe tulitembeleana asubuhi na jioni kwa ajili ya yule ndama, mpaka njia kati ya boma lake na lango langu ikawa nyeupe. Kuhusu mvua sina mengi ya kuwaambia. Ilichelewa sana, na ilipokuja hatimaye, ikinguruma kutoka upande wa Ngong, nilikuwa zizini nimemkumbatia ndama shingoni asiogope radi, na bustani nilikuwa nimeisahau kabisa.